Gauni la Kompyuta

Hapana, haikuwa virusi. Kila mtu alisema virusi, hata muuza maji wa pale kona alisema virusi, na yeye kompyuta hiyo alikuwa anaiona kupitia dirishani tu. Ngojeni niwaeleze, maana hadithi hii watu wanapenda kuianzia mkiani.

Seremala alikuwa akikaa peke yake tangu mkewe alipofariki. Jina lake la kuzaliwa lilishapotea zamani, hata marehemu mwenyewe alikuwa akimwita Seremala. Meza ya kulia chakula aliitengeneza kwa mikono yake ujanani, mbao nzito, watu sita wanakaa na viwiko havigusani. Sasa meza ya watu sita na mtu mmoja, hapo ndipo unapojua nyumba ni kubwa kiasi gani. Hakuikalia. Alikula jikoni, amesimama, sufuria bado iko motoni, kijiko mkononi, kama mtu anayeogopa kuachwa na gari. Akimaliza anaosha kijiko. Kijiko kimoja, jamani! Hata bomba linaona uvivu kutoa maji.

Kompyuta ilikaa kichwani mwa meza, pale pale alipokuwa akikaa mkewe, kwa sababu soketi ya umeme iko ukuta ule. Binti yao wa pekee ndiye aliyeinunua kabla hajaenda kufanya kazi ya uuguzi nchi za mbali. Ile ya zamani, yenye kasha lake pembeni, kioo chake mbele na kajicho ka kamera juu. Kila Jumapili mchana binti anapiga, uso wake unajaa kwenye kioo, na Seremala anakuwa ameshavaa shati la kola. Wiki yake yote ilikuwa inaelekea hapo. Jumatatu anapiga pasi shati, basi, kazi iliyobaki ni kungoja.

Na gauni. Nisisahau gauni, maana nikilisahau nitakuwa sijasema kitu. Marehemu hakupenda kitu kikae uchi nyumbani mwake. Redio ilikuwa na kitambaa, televisheni ina kitambaa, chupa ya chai ina kitambaa, na kompyuta ilipoingia akasema, "Huyu mgeni naye lazima avae." Akafuma kwa uzi mnene, akatia bitana ya kitambaa kizito ili vumbi lisipenye, na kwa nyuma akapiga vifungo vya koti kuukuu la Seremala. Alifuma akiwa kitandani, anaumwa. Alipomaliza, hakufuma tena kitu kingine. Baada ya msiba ndugu waligawana nguo zake, kama inavyokuwa. Hilo hakuna aliyelitaka, nani atavaa gauni la kompyuta? Likabaki. Seremala akiongea na binti analifunua kwa mbele tu, kama shela ya bibi harusi, kioo kinaonekana, kasha linabaki limevaa.

Sasa shida. Wanaongea, wanaongea, mara kioo kinakuwa buluu chote. Buluu tupu, na kauso kadogo kenye huzuni, na maneno ya Kizungu chini yake. Halafu mashine inazima, inawaka, inajishangaa kama mtu aliyezimia sokoni. Seremala maneno hakuyaelewa, ila kale kauso alikaelewa. Alikuwa anakaa mbele yake mikono mapajani, anakaangalia, nako kanamwangalia.

Jambo baya zaidi ni kwamba binti alikuwa na mpango wake. Alitaka wale pamoja. "Baba, weka sahani yako mezani na mimi niweke yangu, tule kama zamani." Basi kila akifika hapo, buluu. Jumapili hii, buluu. Ile nyingine, buluu. Mwishowe binti akapiga kwenye kile kisimu cha tochi cha baba yake, sauti inakwaruza kama kuku kwenye bati.

"Baba, unazima."

"Sizimi, mama."

"Kila nikisema tule, unazima. Hutaki nione unavyoishi. Sema tu kwamba hutaki!"

"Mashine inaumwa, mwanangu."

"Inaumwa saa ya kula tu? Baba, Jumapili ijayo tukikatika kabla hatujala, nimeelewa. Sitakusumbua tena. Tutakuwa tunasalimiana sikukuu."

Simu ikakatwa. Seremala akakishika kile kisimu sikioni muda mrefu, utadhani bado kuna mtu.

Mnaona alipokuwa? Jumapili zake zote zimewekwa rehani kwa kasha la bati.

Kwa fundi alishakwenda, si kwamba alikaa. Fundi wa kompyuta wa barabara ya nyuma alikuwa dada mmoja mwembamba anayechomeka bisibisi kwenye nywele, ndiyo maana watu wakamwita Bisibisi. Seremala alimpelekea mashine kwenye toroli, amelivua gauni vizuri na kulikunja kitandani, maana nani anakwenda hospitali na nguo ya Idi?

"Inazima wakati gani, mzee?" Bisibisi akauliza.

"Binti yangu akianza kucheka."

"Mzee, unanitania?"

"Kweli tupu. Kwanza ananigombeza, halafu ananisimulia kazini kwake, ndipo anacheka. Akishacheka tu, buluu."

Bisibisi akafuta kila kitu akaweka Windows upya. Mashine ikarudi nyumbani, ikavaa, ikaanguka. Ikarudi kwa fundi. Akabadilisha memori, akapima diski, akaiwasha kutwa nzima ikicheza video huku yeye anatafuna karanga. Haikupepesa hata jicho.

"Kwangu ni mzima wa afya," akasema. "Kwako inaumwa."

"Kama mimi na daktari. Nikifika mlangoni tu, maumivu yanatoroka."

"Umeiweka wapi? Kuna vumbi? Kuna joto?"

"Vumbi!" Seremala karibu akasirike. "Dada, nyumbani kwangu vumbi halina pa kukaa. Dirisha liko wazi, hewa tele." Na hakudanganya. Ndivyo alivyojua.

Baada ya ile simu ya binti alirudi dukani bila toroli. Akasimama tu mlangoni. Bisibisi akamtazama, akasema, "Jumapili nakuja mwenyewe nyumbani, mzee. Niione inakoishi."

Mgeni anakuja! Mnajua mtu wa upweke akisikia mgeni anakuja anavyokuwa. Alifagia chini ya vitanda ambavyo hakuna anayevilalia. Akalifua gauni, akalianika uani. Akamwambia shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akikaa upande wa pili wa ukuta, na mdomo wake ulikuwa hauhitaji lango kuuvuka.

"Shemeji, nipikie Jumapili. Wali na mchuzi. Wa watu."

"Wa watu? Umeoa bila kuniambia?"

"Fundi anakuja."

"Nimekwambia dada ndiye anayezima hiyo mashine. Alikuwa na wivu hata na mtangazaji wa redio!"

Walicheka, lakini Seremala alipofunga mlango hakuwa anacheka. Hilo lilishampitia akilini, usidhani halikumpitia. Kama ni yeye anazima, aliwaza, basi angalau bado yupo.

Jumapili Bisibisi akafika asubuhi. Akakuta kasha liko uchi, gauni liko kwenye kamba uani linadondosha maji. Akapima umeme wa soketi, akafungua kasha, akapuliza, akaiwasha na kuichezesha video mpaka jua likasogea. Hakuna buluu. Seremala akawa anatembea nyuma yake kama mtu anayemngoja mwanawe mkaidi amwamkie mgeni.

"Mzee, sioni kitu," Bisibisi akasema, na alisema kwa upole, kama mtu anayeanza kudhani labda binti ana haki.

Seremala akainamisha kichwa. Sasa hata fundi!

"Huondoki," Shemeji akapiga kelele kutoka jikoni. "Nawa mikono. Mtu hapiti kwenye harufu hii akaenda zake." Bisibisi akatoka kwenda bombani.

Saa ya binti ilikuwa inakaribia. Gauni lilishakauka, lina joto la jua. Seremala akalileta, akalivisha, akafunga vifungo nyuma kimoja kimoja kwa yale mavidole yake ya seremala, akafunua shela mbele. Binti akatokea. Mbele yake, huko aliko, sahani ilishawekwa.

"Baba! Leo una wageni? Nasikia sauti."

"Wapo. Na chakula kipo."

Binti alianza na kulalamika, kisha kazini kwake, mgonjwa fulani aliyeficha meno yake ya bandia kwenye mfuko wa daktari. Na hapo akacheka. Ndani ya kasha feni ikaanza kulia, vuuuu, kama gari linalopanda mlima na mzigo. Shemeji akaweka sahani ya kwanza mezani. Binti akasema, "Haya, Baba, karibu tu..."

Buluu.

Bisibisi alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika maji. Hakuangalia kioo. Aliangalia pembeni.

"Mzee, hicho ni nini?"

"Gauni lake," Seremala akasema, hana nguvu.

Bisibisi akaingiza kiganja chini ya gauni, akakitoa haraka. "Lina homa hili! Feni inavuta hewa, inakuta bitana. Mzee, mashine hii inapumua kwa nyuma, na wewe umeifunga vifungo!"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Shemeji akasema, akaanza kucheka, kisha akauona uso wa Seremala, akanyamaza.

Bisibisi alikuwa ameshashika kifungo cha kwanza. Seremala akamshika mkono.

"Usimvue."

Kale kauso kadogo kanawaangalia wote.

"Vyake vyote vimegawanywa," Seremala akasema. "Hiki tu ndicho walichoniachia. Alifuma hawezi hata kukaa."

Bisibisi akautoa mkono taratibu. "Basi sivui mimi. Kosa ni langu pia, mzee, ningekuja kuiona mapema. Lakini binti yako huko sasa hivi anajua nini?"

Anajua baba kazima. Hicho ndicho anachojua.

Seremala akazunguka nyuma ya meza. Kifungo cha kwanza kilimchelewesha, vingine vikafunguka vyenyewe. Akalinyanyua gauni, likiwa bado na joto, joto la mtu kabisa, akasimama nalo mikononi hajui pa kuliweka. Kitandani? Kabatini? Kila mahali palikuwa kama kaburi. Shemeji ndiye aliyelichukua. Hakusema neno la utani, mara ya kwanza tangu nimjue mimi. Akalifungua mishono ya pembeni kwa kisu cha jikoni, akalitandaza mezani. Likafika nusu ya meza, ile bitana chini na maua ya kufuma juu. Kisha akachukua mfuniko wa sufuria, akaanza kulipepea kasha kama mkaa.

"Wacha kuilowesha mvuke!" Bisibisi akasema.

"Wewe fundi, mimi mpepeaji. Kila mtu na kazi yake."

Kasha lilipopoa, Bisibisi akaliwasha. Seremala akapiga. Ikaita. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita. Nje mtu alipita na baiskeli, kengele ikasikika mpaka mwisho wa mtaa, na bado inaita.

Ikapokelewa. Macho ya binti yalikuwa mekundu, na sahani yake haikuonekana.

"Baba, si nilisema..."

"Sikuzima, mama. Mashine ilikuwa inashindwa kupumua. Niliivalisha gauni la mama yako." Na kwa kuwa mlango ulishafunguka, akatoa na lingine. "Na nakula jikoni. Nasimama. Tangu ile siku, sijakaa."

Binti akaangalia, akasogea karibu na kioo mpaka likabaki jicho na kipande cha pua. "Baba, hicho mezani ni kile cha Mama?"

"Ndicho."

"Msikimwagie mchuzi."

"Tutakimwagia," Shemeji akasema akiwa na sufuria. "Dada mwenyewe alikuwa anamwaga. Kaeni! Wali unapoa, na mimi sipashi mara mbili."

Binti akatoka kwenye kioo, akarudi na sahani yake. Bisibisi akavuta kiti, bisibisi bado ikiwa nyweleni. Shemeji akapakua. Feni ilikuwa inazunguka taratibu, huisikii hata ukitega sikio. Seremala alisimama kidogo nyuma ya kiti chake, mkono juu ya mbao aliyoipiga randa mwenyewe zamani zile, kisha akakivuta, akakaa, na wote wakaanza kula.