Goli Lililokataliwa Mbagala

Mzee Khalfani alikuwa hoi. Miguu inawaka moto kwa kusimama, sauti imemkauka kwa kuita wateja, na sinia la vitumbua vya mkewe Munira lipo palepale barazani, limejaa. Asubuhi yote hajasogea mteja. Mtaa mzima umewasusia, hapo hapo Mbagala walipozaliwa. Kisa? Filimbi.

Jamani, refa achezeshe fainali ya ndondo, kombe la mitaani, na timu ya kwao ndiyo inayocheza! Alikataa, wakamng'ang'ania: "Wewe ndiye tunayekuamini." Haya. Dakika za mwisho, hakuna aliyefunga, ikapigwa kona. Kipa wa wageni, Fakihi, anataka kuruka, Suhaib wa mtaani kamkumbatia kwa nyuma, kamganda. Khalfani akapuliza palepale, mpira ungali hewani. Nani amsikie? Spika za muziki wa singeli zilikuwa zinaunguruma. Mpira ukamgonga Suhaib kichwani, ukatua wavuni, watu wakamwagika uwanjani, Suhaib yuko mabegani. Ndipo refa akapunga mkono: hakuna goli, kipa kachezewa madhambi. Loo! Matusi aliyoyaoga! Wageni wakabeba kombe kwa penalti, na mtaa ukaamua kwamba Khalfani kanunuliwa.

"Baba Naima, leo tena namwaga vitumbua," Munira alimwambia mumewe, akiliingiza sinia uani. Hakugomba. Bora angegomba. "Ungejifanya hukuona, ungekufa?"

"Nimeona, Munira. Nifanyeje?" Alikuwa amechoka hata kujitetea.

Mlango wa uani ukagongwa. Suhaib mwenyewe, kofia kaivuta mpaka machoni.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Naomba vitumbua."

Munira akamfungia bila kumtazama. Kijana akakohoa.

"Mzee, yule kipa mie nilimshika. Nilimshika kwelikweli. Usingizi siupati."

Khalfani akainuka kitini, moyo unamdunda kwa furaha. "Basi twende hapo kijiweni, mwanangu. Waambie hivyohivyo, mama yako huyu auze vitumbua vyake."

"Kijiweni?" Suhaib alishtuka. "Thubutu! Pale wananiita mfalme, mzee. Wataniacha hai?"

Akavichomeka vitumbua ndani ya jezi, akachungulia uchochoroni kulia na kushoto, akatoka mbio.

Khalfani akarudi kuketi, kachoka kuliko mwanzo. Munira akachukua kitumbua siniani, akamwekea mumewe mkononi.

"Kula, refa," alisema. "Vimeshapoa."