Utando Uliopinduka

Vasundhara alichungulia kwenye hadubini mara ya tatu. Seli zilizokatwa jichoni mwa mgonjwa wao, Yellaiah, zilipaswa kuwa ndogo, zimebanana kama punje za mtama. Hizi zilikuwa bapa, zimetanuka, zimejichokea. Juzi alikwisha kuziona dalili, akajidanganya kuwa si kitu.

Seli shina zina maringo yake. Huangalia kwanza zimelazwa juu ya nini, ndipo ziamue zitakuwa nini. Zilaze panapofaa, zitabaki changa na kuzaana. Zilaze pabaya, siku kumi tu zimezeeka.

Naye ndiye aliyezilaza, juu ya utando wa uzazi uliotolewa na mama mmoja aliyejifungua hapo Hyderabad. Utando huo una pande mbili: upande laini, ambao seli huupenda, na upande unaonata. Kila fundi wa maabara huugusa kwanza kwa pamba. Pamba ikivuta nyuzi, upande huo hulazwa chini. Siku ile hakugusa. Miaka kumi na minne kazini, macho yakajiona yanajua.

Ghorofa ya chini, Yellaiah, fundi wa kupaka chokaa kutoka Warangal, alikuwa tayari kwenye meza ya upasuaji. Chokaa ilimrukia machoni. La kulia halikuona kitu. La kushoto liliona ukungu, na ukingoni mwake ilibaki sehemu yenye uzima ya kukatwa kipande kimoja tu zaidi cha kuoteshea seli.

Vasundhara aligusa pembe ya utando kwa pamba, upande wa juu zilikolala seli. Pamba ikavuta nyuzi.

"Akka, dada yangu, nyamaza," alinong'ona Praveena, mwenzake wa maabara. "Zikifa, lawama itabebwa na chokaa. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Haya, jifanye mtakatifu! Kesho utajua na njia ya kwenda kutafuta kazi."

Alishuka ngazi hadi chumba cha upasuaji. Aliogopa, tena sana.

"Kisahani cha seli kiko wapi?" aliuliza Daktari Madhusudan, kisu mkononi.

"Niliupindua utando, daktari. Seli zimeharibika."

"Vasundhara! Hata mwanafunzi wa wiki moja hakosei hapo!" Akavuta pumzi. "Imebaki kukata kipande kingine, nikitandike juu ya utando mpya humo humo jichoni, seli zikulie kwao. Hiki nacho kikiharibika, basi tena."

Yellaiah alikuwa macho. Walimtia ganzi jichoni tu. "Nani kakosea?"

"Mimi, kaka," alisema Vasundhara. "Nilijiona najua."

"Hata mimi. Miaka ishirini kwenye chokaa, siku hiyo miwani niliiacha mfukoni." Akaugeuzia uso upande wa daktari. "Kata, daktari. Lakini utando autandaze yeye."

"Huyu? Umerukwa na akili?"

"Humu ndani hakuna anayeogopa kukosea kama yeye. Nasikia anavyopumua."

Daktari alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kumwonyesha Vasundhara mlango. Akaushusha.

"Kanawe mikono," alimwambia.