Engata ya Anatolia

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu, kweli ya kuapiwa mbele ya altare, na msimuliaji ameweka rehani: akikutwa na uongo hata wa ukubwa wa punje ya ulezi, atakata mkungu mnene kuliko yote shambani mwake, aubebe mwenyewe kichwani, mchana kweupe, hadi nyumbani kwa aliyemkamata. Basi.

"Ukianguka tena, mama, ndiyo mwisho," alisema Elieth, amesimama mlangoni na mkoba wa shule begani. "Kula hotelini basi. Sherehe basi. Utakula hapa hapa Buganguzi, mkekani, karibu na ardhi."

Anatolia, mama yake, hakuinua kichwa. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameikunja upande mmoja, kama alivyoketi tangu usichana wake, akimalizia ukingo wa mkeka wa mteja wa Rubya. Vidole vilikwenda vyenyewe, ukindu juu, ukindu chini.

"Nimesikia, mwalimu," alisema.

"Usiniite mwalimu. Baba mdogo, na wewe umesikia?"

Baba mdogo ndiye Mwijage, mdogo wa marehemu mume wa Anatolia, dereva mstaafu wa lori la ushirika. Alikuwa amesimama uani ndani ya koti lake la kahawia, lile alilolivaa tangu kahawa ilipokuwa kahawa.

"Nitamshika kama yai," alisema Mwijage.

"Mayai yenu nayajua," alisema Elieth, akaenda zake shuleni kufundisha.

Mwaka uliopita, kwenye sherehe ya kipaimara, Anatolia alikuwa ameanguka kutoka kwenye stuli ndefu ya hoteli moja, akavunjika kifundo cha mkono. Watu walisema kizunguzungu. Wengine presha. Wengine walitikisa tu vichwa, wakasema umri. Anatolia aliwaacha waseme, maana ukweli ulikuwa mbaya zaidi. Alikuwa amemwona mzee mwenye mvi akiingia na koti, fimbo mkononi. Magoti yake, yaliyofundishwa tangu utotoni kushuka mbele ya mkubwa, yalishuka bila kuuliza kwanza sakafu iko wapi. Na yule mzee alikuwa fundi wa friji, na ile fimbo ilikuwa bomba. Anatolia, akiwa chini pale na mkono umepinda, aliona heri kizunguzungu.

Sasa Consolata alikuwa amepiga simu. Huyu ni shoga yake wa tangu kuchota maji. Siku hizi anaishi Dodoma kwa mwanawe Isaac, nchi ya vumbi ambako ziwa ni la kusimuliwa. Alikuja kumzika kaka yake, na kesho yake jioni anapanda ndege kurudi.

"Macho yananiacha, Anatolia," alisema kwenye simu. "Daktari ameniambia kwa maneno ya heshima, lakini nimemwelewa. Nataka kuliona ziwa wakati bado linaonekana. Na nilione na wewe, tukila, pale kwa Nathanieli."

Kwa Nathanieli! Anatolia alikaa na simu sikioni hata baada ya kukatika. Enzi hizo wote wawili walikuwa wake wapya. Msimu wa kahawa ukiisha, Mwijage aliwapandisha juu ya magunia ya lori, wakateremka hadi Bukoba wakiimba, nywele zimejaa vumbi la barabara. Kwa Nathanieli hapakuwa na jengo la kujivunia: mabati manne, jiko, na mabenchi ya ubao mmoja yaliyozama mchangani. Samaki ngege wa kukaanga, ndizi za kuchemsha zilizofunikwa kwa jani, chai kwenye vikombe vya bati. Maji ya ziwa yalikuja mpaka kwenye pindo za gauni zao, wala hawakusogea. Na ukianguka kutoka kwenye benchi lile, ulianguka kwenye mchanga, na mwenzako akakuangukia kwa kicheko.

Anatolia na Mwijage walipofika kwa Nathanieli, Consolata alikuwa ameshatangulia kutoka kwa mpwa wake, mtaa wa Bilele. Alimpapasa Anatolia usoni kwa vidole.

"Umezeeka, wewe!"

"Na wewe je? Hata meno umeyaacha Dodoma."

"Yaliyobaki ni ya samaki. Usiyaonee wivu."

Lakini mchanga haukuwepo tena. Johnson, mjukuu wa Nathanieli, alikuwa amejenga jukwaa la mbao linaloelekea ziwani, na kando ya ukingo wake amepanga meza ndefu na stuli. Hizo stuli! Zilikuwa ndefu kiasi kwamba kunguru alipita chini ya mojawapo akitembea, wala hakuinamisha kichwa. Asiyeamini akamuulize kunguru.

"Shikamooni, bibi zangu," alisema Johnson kwa adabu. "Nyinyi nimewaandalia kule ndani. Kuna viti vya chini, na vina migongo."

Kule ndani meza ilitazama ukuta. Consolata aligeuza uso kidogo kuelekea mwanga wa ziwani, kisha akaurudisha.

"Ndani pia si pabaya," alisema, kwa sauti ya mtu anayerudisha zawadi.

Anatolia alikwenda kwenye stuli, akapitisha kiganja juu ya kiti chake. Kinateleza kama tumbo la kambare. Akaitikisa: inacheza, mguu mmoja umekalia ufa kati ya mbao mbili. Akaizungusha taratibu, akaisogeza, akaitikisa tena, mpaka ikatulia na kuegemea nguzo ya paa.

"Johnson, mwanangu, ndizi zenu mnamenyea wapi?"

"Kule nyuma, bibi."

"Niletee majani makavu ya mgomba, mengi. Na makreti ya soda, matupu."

Aliyeyaleta majani ni mpishi mwenyewe, Jovita, amekumbatia mzigo huku akicheka. "Bibi, unataka kutupikia nini?"

"Sipiki. Nataka kukaa."

Akaketi chini, palepale kwenye mbao, wateja wakimtazama, akaanza kuyasokota majani yale. Kusokota, kukunja, kuzungusha, kupenyeza ncha ndani. Mikononi mwake ikazaliwa engata, ile kata ambayo mwanamke huiweka kichwani chini ya mtungi. Ila hii ilikuwa pana, ya kutosha kiti. Akafunga ya pili.

"Mtungi una tako la duara kuliko langu," alimwambia Jovita. "Na niliubeba kutoka mtoni, kilima kizima, nikipiga umbea na huyu. Unafikiri ulikaa kwa ajili ya shingo yangu?"

"Ulikaa kwa ajili ya umbea," alisema Consolata. "Ulikuwa unasikiliza."

Engata zikafungwa juu ya stuli, kreti likawekwa mbele ya kila moja liwe ngazi, na baadaye pa kuegesha miguu. Mikoba ikabaki chini, isivute mtu. Anatolia alimpandisha Consolata kwanza: mkono kwenye nguzo, mguu kwenye kreti, geuka, tafuta kiti kwa nyuma, usikiamini mpaka kikuguse. Kisha akapanda yeye. Majani yakalia kidogo, yakamshika.

"Shemeji, nikufungie na ya kwako?"

"Mimi?" Mwijage akacheka. "Nimepandisha lori la tani saba milima ya Muleba, breki zimekufa, natafuna kahawa. Nitashindwa na kigoda kilichorefuka?"

Akapanda stuli tupu, akaning'iniza miguu.

Samaki wakaja. Upepo ulitoka majini na harufu ileile, na Consolata alikula polepole, uso ameuinua kama mtu anayeota jua.

"Kisiwa cha Musira kipo?" aliuliza.

"Kipo. Kimekaa palepale."

"Mimi naona kitu cheusi tu. Niambie."

"Upande wa kulia kuna mwamba, unang'aa, kama umepakwa mafuta. Chini yake kuna mtumbwi mmoja. Hauendi popote. Sasa ndege weupe wameinuka... wanazunguka... wametua tena."

"Ehe," alisema Consolata. "Wametua wapi?"

"Walipokuwa."

Consolata akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Chini ya meza alitafuta mguu wa mwenzake kwa mguu wake, akaupata kwenye kreti, akauacha hapohapo.

Ndipo alipoingia Mwalimu Ishengoma.

Huyu alikuwa mzee wa kweli, na fimbo ya kweli. Alikuwa amewafundisha wote watatu kusoma, enzi ya kuandika kwa kidole kwenye vumbi. Anatolia akamwona. Magoti yakasikia wito. Stuli ikayumba, engata ikalia, bibi wa watu akaanza kwenda! Na hapo Mwijage, bila kuufikiria uhai wake, akaruka kutoka juu ya stuli yake kama chui wa pori la Burigi, akatua kwa miguu yote miwili, akamdaka shemeji yake mkono. Ziwa lenyewe lilinyamaza. Wateja wakapiga makofi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna cha kuongeza.

Angalau hivyo ndivyo Mwijage alivyoisimulia Jumapili nje ya kanisa, na makofi alipigiwa. Kabla ya chakula cha mchana habari ilikuwa imeshamfikia Elieth.

"Kumbe ulitaka kuanguka tena!" alisema, akiingia na viatu vya kanisani mkononi. "Kama si baba mdogo ningekuwa nakuuguza sasa hivi. Na Krismasi hutoki, mama. Consolata akija, aje hapa."

Anatolia aliacha kusuka. Siku ile baada ya chakula, pale uwanja wa ndege, Consolata alikuwa amemshika mikono yote miwili. "Krismasi nitakuja," alimwambia, "macho yawepo yasiwepo. Utaniangalilia." Naye alikuwa ameitikia.

"Niitie Mwijage," alisema.

Mwijage akaja kwa mwendo wa shujaa, akaketi kwenye kigoda cha marehemu kaka yake. Elieth alibaki mlangoni, mikono kifuani.

"Shemeji," alisema Anatolia, "koti lako liko wapi?"

"Si hili nimelivaa?"

"Kifungo cha pili kiko wapi?"

Mwijage akajitazama. Anatolia akafungua fundo la pindo la kanga yake, akaweka kifungo mkekani. Cha kahawia, na uzi wake ukining'inia.

"Haya, simulia tena," alisema. "Asubuhi lilisikiliza kanisa. Sasa nasikiliza mimi."

Mwijage akakohoa. Akatazama kuku uani, akamwona hana msaada.

"Basi nitasimulia mimi," alisema Anatolia. "Mwalimu aliingia. Shemeji akataka kusimama kwa heshima, akasahau yuko juu ya nini. Mguu ukanasa kwenye kile chuma cha kukanyagia cha stuli. Akawa anakwenda, Elieth, anakwenda hivi, kama mgomba uliokatwa. Nikanyoosha mkono, nikamkamata koti. Kifungo kikabaki kwangu, nikadaka kola, yeye akaning'inia kama senene kwenye kidole, mpaka Johnson alipokuja kumpokea."

"Na wewe, mama? Hukuyumba?"

"Magoti yalitaka kushuka." Alikigeuza kifungo mkekani. "Kama mwaka jana. Mwaka jana haikuwa presha, mwanangu. Nilikuwa nampigia magoti fundi wa friji."

Elieth alifunika mdomo kwa kiganja.

"Lakini safari hii engata iliyakatalia. Nikamsalimia Mwalimu nikiwa palepale juu. Nikamwomba anisamehe."

"Akasemaje?"

"Alinitazama, akasema: 'Usishuke, Anatolia. Leo ndiyo nimeyaona macho yako. Miaka yote hii nilikuwa naona kitambaa cha kichwa.'"

Elieth alitazama nje kwa muda. Alipogeuka, kicheko kilikuwa kimeshamshinda, machozi yanamtoka. "Baba mdogo! Kama senene!"

"Nilikuwa nimeruka kidogo," alisema Mwijage. "Kwa kuanzia."

"Krismasi nitawasindikiza mwenyewe," Elieth alimwambia mama yake. "Na majani tutabeba ya kwetu. Na wewe, baba mdogo, safari hii utafungiwa ya kwako."

Naam, msimuliaji na Mwijage ni mtu mmoja. Nani mwingine angemwita chui?

Mkungu ulikatwa siku iliyofuata, ulio mnene kuliko yote, na rehani ni rehani: mchana kweupe, kichwani, kupita mbele ya waliopiga makofi. Walimuuliza anaupeleka wapi. Kwa mara ya kwanza maishani Mwijage hakuwa na hadithi. Shingo ilikuwa inamuuma. Alikuwa amesahau kuweka engata.

Anatolia alikuwa mkekani, anaanza mkeka mpya. Mzigo ule hauwezi kutuliwa ukiwa umesimama, si kwa mzee wa umri wake. Mwijage akashuka goti moja, kisha la pili, akauinamisha mkungu mpaka ukalala sakafuni. Akabaki hapohapo akihema, magoti yote mawili chini, mbele ya shemeji yake.

Anatolia alimtazama. Alitafuta sindano kwenye ukingo wa kanga yake, akapitisha uzi, akaokota kifungo mkekani.

"Usiinuke kwanza," alisema.

Akalivuta koti karibu, akaanza kushona. Nje upepo ulipita migombani, majani makavu yakalia. Mwijage alitulia, pumzi ameibana, asichomwe.