Vipande Vitatu Vilivyopinduka

Siku bibi harusi alipojaribu gauni lake, kelele zilifika mpaka duka la jirani. Mbele ya kioo, sketi iling'aa huku ikafubaa kule, kama imeshonwa kwa vitambaa vya watu wawili. Mama Mkasi, mwenye chumba cha ushonaji, hakuhitaji kuuliza. Mahameli ina vinyweleo vinavyolala upande mmoja, na vipande vyote hukatwa vikielekea upande huohuo. Kimya, mwanafunzi wake, alikuwa amevipindua vitatu kati ya sita vya sketi, ncha nyembamba kando ya pana, ili kitambaa kitoshe.

"Nilikwambia ubane kitambaa, sikukwambia ubane akili," Mama Mkasi alimwambia. "Nenda nyumbani. Mkasi wangu usiuguse tena."

Miaka mitatu ya kufagia nyuzi na kutia vifungo, na siku ya kwanza ya kuaminiwa mkasi ikaishia hapo. Hata kusali kulimshinda Kimya. Mikono aliinua, maneno yakagoma. Akawa anashinda uani, vyombo vichafu mbele yake, macho mtini.

Mtini alikuwepo mnana, ndege wa njano asiyejaza kiganja. Alichana uzi wa jani bichi, akaupitisha, akauzungusha, akauvuta kwa mdomo mpaka fundo likakaza. Alifuma hivyo siku mbili, kisha akaning'inia chini ya kiota akipiga mbawa kumwita jike. Jike akaja, akaingia, akavuta uzi mmoja, akatoka zake.

"Kakataliwa!" akacheka mke wa kaka yake Kimya, aliyekuwa anaanika nguo. "Wifi, umepata mwenzio."

"Ngoja kwanza, wifi. Mwangalie."

Mnana alikuwa anafumua. Hakumfuata jike kumgombeza, wala hakuhama mti. Uzi mmoja mmoja aling'oa, akaangusha, tawi likabaki uchi. Halafu akaruka kutafuta majani mabichi, maana makavu hayashiki fundo, akaanza upya palepale.

"Mwehu huyo," wifi alisema. Lakini nguo alizirudisha kwenye beseni, akakaa naye kutazama.

Kimya hakungoja kuona kama kiota cha pili kitakubaliwa. Moyo wake ulikuwa umejaa, na safari hii maneno yalikuja yenyewe: Mungu wangu, uliyemfundisha huyu kufunga fundo bila kidole, hujanisahau mimi mwenye vidole kumi. Akajifuta mikono, akaenda.

"Umefuata nini?" Mama Mkasi aliuliza bila kuinua uso kwenye cherehani.

"Gauni, mama. Nilifumue."

"Ulifumue liwe nini? Kitambaa kimekwisha, na harusi wiki ijayo."

"Vile vitatu nitavigeuza. Upana utakuja kiunoni, chini patakuwa pembamba. Nikivipunguza vyote sita viwe sawa, gauni litashuka wima."

"Mwenyewe alitaka la kuchanua."

"Najua, mama. Akilikataa, atalikataa nikiwepo."

Mama Mkasi aliondoa mguu kwenye cherehani. Kisha akasogeza kiti chake, taa ikammulikia Kimya.

Kufumua mahameli bila kuacha alama ni kazi ya pumzi. Siku ya kwanza ilikwisha kwa kufumua tu. Ya pili alikata, ya tatu akashona. Ya nne bibi harusi alisimama mbele ya kioo, na Kimya chini, magotini, pini mdomoni, akishika upindo. Sketi nzima iling'aa rangi moja, kutoka kiunoni mpaka sakafuni.

"Silo nililoagiza hili," bibi harusi alisema.

Akageuka ubavu, akageuka mgongo, akaenda mlangoni kwenye mwanga, upindo ukimponyoka Kimya mkononi. Alirudi taratibu, akijipapasa nyonga.

"Silivui," akasema. "Mama yangu lazima anione. Nani kalikata?"

Kimya akaanza kutoa pini mdomoni.

"Fundi wangu," akasema Mama Mkasi. "Huyo hapo chini. Simama wima basi, amalize upindo."