Mama Bangkok wa Mwihoko

Pale Mwihoko, kuanzia kwa muuza mboga hadi kanisani, Waruguru aliitwa Mama Bangkok, na mwanzoni jina lenyewe lilimfurahisha. Si ni yeye aliyekuwa akiandika makala za safari mtandaoni? Alikuwa ameeleza soko la Chiang Mai, mvua ya Hanoi, na mchanga wa Phuket uliomchoma nyayo mpaka akarukaruka kama kuku. Picha yake juu, jina lake chini. Jambo moja tu hakulisema: hakuwa amepanda ndege hata siku moja. Mombasa penyewe alikuwa hajafika. Kazi aliifanyia kitandani, kompyuta mapajani, akitembea mitaa ya watu kwa ramani na kudokoa hiki na kile kutoka kwa waliofika kweli. Mteja wa ng'ambo aliyemlipa makala alisisitiza kitu kimoja, uzoefu binafsi. Basi akampa.

Na majirani angewaambiaje? Mama yake mwenyewe, huko Thika, alishawatangazia wenzake wa chama cha akiba kwamba msichana wake anazunguka dunia. Kila Waruguru alipoenda kukaa kwao wiki mbili, Mwihoko walidhani yuko Asia, naye akirudi hakuwasahihisha. Kunyamaza ni rahisi, jameni! Shida ni kwamba ukishazoea huwezi tena kuacha.

Mlango wa pili aliishi Nakhumicha, mama aliyetoka Bungoma akiwa na mtoto mmoja mgongoni, akamlea kwa kufulia watu nguo. Mtoto huyo ndiye Ronny. Alipoachishwa kibarua kwenye kiwanda kimoja Thika, akapata ajenti aliyemwahidi kazi ya kupokea simu Bangkok. Jumapili ya kumwombea, mchungaji akamwita Waruguru mbele.

"Mama Bangkok, hebu mwambie kijana wetu anakoenda."

Hapo ndipo angesema ukweli, mbele za Mungu na mbele za watu. Badala yake aliongea robo saa nzima, kuhusu mahekalu, kuhusu supu ya kamba wa baharini, kuhusu namna ya kushika teksi pale uwanja wa ndege. Watu wakapiga makofi. Nakhumicha alilia kwa furaha, akamshika mkono mpaka ibada ikaisha.

Siku tatu baadaye Waruguru alikuwa saluni Thika, nusu ya kichwa imesukwa, ujumbe ukaingia kwenye simu. Ni Ronny.

"Sistee, nimefika airport. Ulisema teksi ziko na laini, mtu anachukua tiketi. Lakini kuna majamaa wawili wako na karatasi ya jina langu, wanasema gari iko nje. Niende nao?"

Angejuaje yeye? Msusi alikuwa amemvuta kichwa upande, shingo inauma. Alijibu kwa kidole kimoja: "Enda tu. Watu wa huko ni wakarimu." Sentensi hiyo alikuwa ameiandika katika makala sita.

Ronny alimpigia mama yake simu baada ya miezi miwili, akinong'ona. Yeye na vijana wengine walivushwa mto mpakani wakafungiwa kwenye jumba la ua wa waya. Kutwa yuko mbele ya kompyuta, anaandikia wazungu akijifanya msichana aliye likizoni ufuoni, na asipomnasa mtu akatuma pesa anapigwa.

"Ati akaniambia, 'Mama, hata bahari sijaiona,'" Nakhumicha alimsimulia Waruguru mlangoni, na Waruguru akaifunika kompyuta kwa leso. Alikuwa katikati ya makala kuhusu Pattaya.

Aliacha kula. Mara tatu alijikaza kwenda kusema, mara tatu akaishia kununua sukumawiki.

Halafu Jumatatu moja mchana Nakhumicha akaingia bila kubisha, amevaa sweta ya kanisani. Alitoa pasipoti mpya kabisa kwenye mkoba, akaiweka mezani kama mtu anayeweka yai.

"Waru, msichana wangu, kanisa imechanga. Hata watu wa Ruiru na wale wa Thika wametusaidia. Tiketi ni mbili, twende tumtafute Ronny. Mimi huko sijui kitu, lakini wewe unapajua kama mkono yako. Lete pasipoti tupeleke kwa mchungaji."

"Mama Ronny."

"Ee?"

"Sina pasipoti. Sijawahi kuwa nayo. Huko sijawahi kufika."

Nakhumicha alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama vizuri. Waruguru alifungua ule ujumbe wa saluni akampa simu, kwa sababu kama ni kusema, basi aseme yote. Mama yule alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, midomo ikitembea. Alipofika "Enda tu" alirudi nyuma akasoma tena.

Waruguru alingoja kofi. Alilitaka, ee Ngai, alilitaka sana.

Nakhumicha alirudisha simu, akachukua pasipoti yake, akalifuta jalada kwa mkono wa sweta ingawa halikuwa na vumbi.

"Juzi alipiga tena," akasema. "Dakika moja tu. Nilimwambia asiogope, mimi na wewe tunakuja."