Jalada Chini ya Mguu wa Meza

Jumanne saa tatu asubuhi, fundi wa kompyuta alifika kwenye masjala ya viwanja kuweka toleo jipya la programu inayochora picha kwenye skrini. Mashine za ofisi ile zilitumia mfumo wa jamii ya Unix, ambao huuliza maswali mengi kabla ya kutenda jambo. Fundi hakuwa na desturi ya kuyasoma. Alijibu "ndiyo" mara arobaini na moja, huku akitafuna karanga.

Swali la thelathini na tatu liliuliza kama skrini ionyeshe kila kilichopo.

Mashine ilipowaka tena, herufi zilikuwa safi kama zimeoshwa. Karani alisogeza dirisha moja la skrini pembeni, akaona ukuta wa ofisi. Nyuma ya ukuta, chumba cha mkuu. Na chini ya mguu mfupi wa meza ya mkuu, jalada la kijani lililokunjwa mara mbili.

"Rangi zimetulia," alisema karani.

"Ndiyo toleo jipya hilo," fundi akajibu.

Kwenye benchi aliketi mshonaji mjane, aliyekuwa akiulizia jalada la kiwanja chake kwa mwaka wa tisa sasa. Bila jalada hati haitoki, na jirani alikuwa ameshaanza kujenga choo mlangoni pake. Alisogea, akavaa miwani.

"Si lile, mwanangu? Naona jina la marehemu mume wangu."

"Ndilo, mama."

Mkuu aliitwa. Alitazama kwa utulivu.

"Si tulikwambia tunalitafuta, mama? Haya, limeonekana."

"Nashukuru, baba. Nipeni basi."

"Likitoka, meza itayumba. Na hati yako nitaitilia saini wapi?"

Karani alitikisa kichwa kukubali. Hoja ilikuwa na uzito. Fundi aliombwa arudishe toleo la zamani. Mfumo ulimuuliza kama ana hakika. Safari hii alilisoma swali, akalifikiria hadi saa ya chakula, kisha akaenda zake bila kulijibu.

Tangu hapo mshonaji huja kila Jumanne. Karani humsogezea dirisha, naye hufuta kioo kwa kipande cha kitambaa, akasoma jina la mumewe, akaupima kwa macho unene wa jalada.

Wiki iliyopita alileta kibao alichochongewa na seremala, chenye unene uleule. Mkuu alikipokea kwa mikono miwili, akakisifu, akaagiza kifunguliwe jalada lake.