Mikanda ya Mwalimu

Vumbi linaogelea kwenye mwanga wa dirisha, juu ya kitanda cha tatu, juu yako, Baba. Ni saa nane mchana. Linapanda, linashuka, halina haraka, halina wa kuliuliza linakwenda wapi. Unalitazama kwa jicho moja, lile ulilobakiziwa na kiharusi, na mkono wako mmoja wenye uhai unanyanyuka kulifuata, unasita hewani, kisha unashuka puani kutafuta mpira.

Mara mbili umeuchomoa mpira huo. Mara mbili wameurudisha, na mara ya pili damu ilikuchuruzika mpaka ndevuni. Uji unaokuweka hai unapita humo. Ukiuchomoa tena, daktari ameniambia bila kupepesa macho, hawatathubutu kuurudisha.

Ndiyo maana nesi amekuja na fomu.

Juu kabisa ya fomu kuna neno moja la Kiingereza, kwa herufi kubwa: RESTRAINT. Chini yake, kwa lugha yetu, mtu mmoja mpole amechapa: Idhini ya kumtuliza mgonjwa.

"Pole, mama," nesi ananiambia. "Wodi ina vitanda ishirini na vinane na niko peke yangu. Ukikaa naye ukamshika mkono, hatuna haja ya kumfunga. Kama huwezi, saini hapa. Saini ni ya siku moja tu, kesho tutakuuliza tena."

Kukaa au kusaini. Kuushika mkono wako au kuufunga. Jambo lenyewe ni hilo tu, Baba, na wameniachia mimi niamue, mimi uliyesema sitafika popote.

Na neno lile nalijua. Jamani, nalijua! Nimelila siku nyingi badala ya chakula.

Wanafunzi wako walikuita Mwalimu, majirani walikuita Mwalimu, na Mama, uliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na minne, alikuita Mwalimu. Kila nilipotoka shule kulikuwa na neno lako linanisubiri mezani kabla ya sahani. Wewe kwenye kiti chenye mito, mimi nimesimama, chakula kimefunikwa. "Safari ya neno," ulisema. Maana hukuitaka, maana uliwaachia wavivu. Ulitaka safari: limezaliwa wapi, limepita kwa nani, limefika limebeba nini. Nikikosea kituo kimoja, "Rudia." Nikikosea tena, sahani inarudi jikoni, na Mama anaipokea bila kuniangalia.

Neno hili lilinilaza njaa wiki nzima. Lilizaliwa kwenye Kilatini, na lilizaliwa vipande viwili, kimoja cha kurudisha nyuma, kimoja cha kukaza. Rudisha nyuma, kaza. Likapita Ufaransa, wakalilainisha midomoni mwao. Likavuka maji, likaingia kwa Waingereza, na huko likazaa. Kumshika mtu asitende. Kumtia mtu ndani. Kumwekea mtu mipaka asiuze, asijenge, asisogee. Wenye magari wakaliweka kwenye mkanda wa kiti cha mtoto. Watu wa adabu nao wakaligeuza sifa: mtu anayejizuia, mtu wa kiasi, mtu asiyepayuka.

"Hata neno lao la wilaya, district, lina mzizi huohuo," ulisema. "Wilaya ni pale mkono wa mkubwa unapofika kukaza." Ulifurahi kweli kusema hivyo, ukapangusa miwani. Mimi nilikuwa na miaka tisa, naangalia mvuke ukifa chini ya kifuniko.

Niliruka Ufaransa. Kila siku niliruka Ufaransa! Kilatini, vipande viwili, kisha hao, Uingereza, mbio mbio kuelekea kwenye sahani. Tumbo langu halikuwa na nauli ya kupitia Ufaransa. "Umeruka," ulisema, taratibu, bila hasira, na utaratibu huo ndio niliouchukia kuliko fimbo za walimu wengine wote.

Rudisha nyuma, kaza.

Na Mama. Mama alikuja kwako na kicheko chake, tena kicheko cha mwili mzima, cha mabega na tumbo, cha kushika ukuta asianguke. Hukumpiga hata siku moja, na ulitaka tukushukuru kwa hilo. Uliinua kidole tu. Kidole kimoja, hivi, kama mtu anayeita karani, na kicheko kikageuka njiani kikamrudia kooni. Nilikiona kikishuka. Nilimwona akimeza. Nilipomaliza darasa la saba, Mama alikuwa anacheka kwa pua.

Ugonjwa ulipomfika, alilala chumba cha nyuma, na wewe chumba cha mbele ulikuwa na wanafunzi wako wa jioni. Hakupiga kelele. Majirani walimsifu, wakasema mama wa watu ana moyo. Foronya nilifua mimi. Ilikuwa na alama za meno, safu juu, safu chini, kitambaa kimetoboka. Alikuwa anaing'ata ili wanafunzi wako wasisikie. Sijakuambia mpaka leo, na leo nakuambia moyoni tu, kwa sababu ukijua utauliza kama nimeitupa, na sijaitupa.

Siku ya kukuaga shuleni walisimama mmoja mmoja. "Mwalimu ni mtu wa kiasi," walisema, na watu wakapiga makofi. Mama alikuwa na mwaka mmoja chini ya ardhi. Wewe ulikuwa umevaa suti niliyoishona mimi.

Suti ile, Baba. Nilikaa nayo siku kumi na mbili. Ulipoipokea ulipindua mkono wa koti, ukakagua mshono kwa ndani, ukaivaa, ukatoka. Nilipoiacha shule kwa ajili ya cherehani ulisema, "Nimesomesha mtu aje kushona vifungo," na tangu siku hiyo hukusema kitu tena juu ya kazi yangu. Nina miaka hamsini na mmoja. Nina wajukuu. Nimeshona sare za shule nzima nzima, mapazia ya hoteli, gauni la harusi la binti yangu mwenyewe, na miaka yote hiyo nimekuwa nangoja kwako neno moja la sifa, moja tu, hata la kunitupia kama mfupa. Ya kupendwa nilishayakatia tamaa zamani.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nimeamua kukaa.

Nataka ulijue hilo, maana ni kweli. Nilikuwa nimefunga duka. Nilivuta kigoda, nikamrudishia nesi fomu yake bila saini, nikauweka mkono wangu chini ya wako. Ulikuwa mwepesi kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Ulikuwa na joto. Nikasema moyoni, basi, yameisha, ni mzee tu huyu, ni baba yangu tu.

Ukafungua jicho. Ukaiona fomu mkononi mwa nesi. Na wewe, uliyeshindwa asubuhi kutaja mwaka, ukaisoma.

"Kutuliza," ukasema, mdomo umekwenda upande, kila silabi ikiteleza mate. "Nani katafsiri hivi?"

"Mzee, pumzika," nesi akasema.

"Siyo kutuliza. Ni kufunga. Andika kufunga."

Nesi akacheka, akadhani ni utani. Hukucheka. Ukamkazia jicho lile moja mpaka akatoa kalamu mfukoni, akakata neno, akaandika juu yake, ili apate kwenda kwa wagonjwa wengine. Ulitulizwa kwenye karatasi, Baba, ukakataa. Ukajisahihisha mwenyewe mpaka ukafungwa.

Kisha ukanigeukia.

"Safari."

"Baba, tafadhali."

"Safari ya neno."

Wodi ilikuwa imejaa watu waliokuja kuona wagonjwa wao. Mwanamke aliyekuja kumwona mgonjwa wa kitanda cha nne aliacha kumenya chungwa. Na mimi, bibi wa watu, mwenye duka, mwenye mafundi watatu chini yangu, nilikaa wima kwenye kigoda na kuanza. Sauti ilinitoka nyembamba, ya mtoto. Kilatini. Vipande viwili, kimoja cha kurudisha nyuma, kimoja cha kukaza. Halafu likavuka maji, likaingia kwa Waingereza...

Mkono wako ukajitoa kwenye wangu.

"Umeruka," ukasema. Kidole kikainuka. "Rudia. Bado mjinga."

Nikamwita nesi, nikasaini.

Alileta mikanda miwili ya turubai, mmoja wa akiba, akakufunga mkono kwenye chuma cha kitanda. Uliniangalia. Hukuamini, na kusema kweli hata mimi sikuamini. "Usinifunge," ulisema, mara moja, kwa sauti ndogo, na nikaondoka kwenda kusimama koridoni nisilisikie mara ya pili.

Lakini mikanda yenyewe, Baba! Aibu tupu. Mshono wa mstari mmoja, uzi wa kushonea mashati, mwisho haukufungwa. Nani alishona ule uchafu? Haikupita saa nzima ukauchomoa mkono, nesi akaudaka ukiwa umeshafika puani. Ule wa akiba hakuuamini, akatia bandeji badala yake, bandeji ikakukata ngozi. Nikauokota mkanda ule chini ya kitanda, nikaugeuza huku na huku, na kilichonipanda hakikuwa huruma. Nilichukia kazi mbovu. Nilikupangusa damu ya mkono kwa kitambaa changu, nikatoka moja kwa moja mpaka dukani, nikawaambia mafundi wangu waende kwao.

Nilitoa turubai nzito, ile ya mahema. Nikaikata upana wa vidole vinne, ndani nikaitia flana laini ya nguo za watoto wachanga, isikuchubue. Uzi wa mabegi. Mistari mitatu ya mshono, na kila mwisho wa mstari nikairudisha cherehani nyuma hatua nne, nikakaza. Bizimu ya chuma ya kufungia. Matundu matano, kila moja na pete yake, yasichanike. Kipimo nilichukua kwenye mkono wangu mwenyewe, kisha nikapunguza kidogo, maana umekonda. Rudisha nyuma, kaza. Rudisha nyuma, kaza. Nilishangaa kujisikia naimba. Sikudanganyi, gauni la binti yangu sikulishona kwa raha ile.

Kesho yake nesi alikuja na fomu mpya, uso umemchangamka. "Leo mzee ametulia, mama. Usiku kucha hakusumbua. Ukikaa naye hata mpaka saa kumi, tunaweza kumwacha..."

Sikumwacha amalize. Nilisaini kwa kuegemeza karatasi kwenye goti, nikafungua mfuko, nikatoa mkanda wangu.

"Loo!" akasema nesi. Akaubonyeza, akaipapasa flana yake. "Huu umeutoa wapi? Mzee, una bahati ya binti wewe."

Nilikufunga mimi mwenyewe. Kwanza mkono, kisha chuma. Hukushindana. Uliniachia mkono kama mtoto anavyomwachia mama yake anapovikwa shati, na hapo kidogo nitupe kila kitu nikae kwenye kile kigoda mpaka mwisho wa dunia. Nesi alikuwa bado amesimama na fomu. Ningemwambia tu, "Ichane."

Ndipo ukaugeuza mkono, kadiri mkanda ulivyokuruhusu. Kidole gumba kikatambaa juu ya turubai, polepole, kikaufuata mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kikafika mwisho pale nilipofunga uzi, kikajaribu kuuinua kwa ukucha. Haukuinuka. Ukakagua tena. Jicho lako likaniangalia, nikaona unanitambua, siyo binti yako tu, unanitambua mimi.

"Kazi nzuri," ukasema. Ilikutoka safi, bila mate, kama vile kiharusi hakijawahi kukugusa. "Kazi nzuri sana, mwanangu."

Machozi yalinitoka mbele ya wodi nzima na sikuyafuta. Yalikuangukia mkononi, na nesi akaniwekea kiganja begani, akaniambia, "Jikaze, mama, atapona." Nikaitikia kwa kichwa. Kisha nikainama, nikakaza tundu moja zaidi.